Spika Tulizozizika Zikiwa Hai

Boksi lilikuwa mlangoni mwa chumba cha kusomea cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na juu yake karatasi yenye neno moja kwa herufi kubwa: MBOVU. Ndani mlikuwa na jozi 9 za spika za kompyuta, nyaya zimesokotana kama tambi za kafeteria. Nililipita boksi hilo karibu wiki nzima bila kuuliza swali. Na mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, fizikia na ualimu, mtu ambaye kwenye mtihani anaweza kukujazia kurasa mbili juu ya mawimbi ya sauti. Nalikiri hilo mapema ili msije mkadhani naandika nikiwa nimekalia kiti cha hakimu.

Aliyenisimamisha ni rafiki yangu mmoja wa sosholojia. Haoni tangu utotoni, na chumba kile ndiyo maktaba yake. Anasoma kwa masikio: kompyuta ina programu ya NVDA, ile ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, inayomsomea kila kilichoko kwenye skrini. Wengi wenu mkiisikia anavyoiendesha mtadhani redio imekwama, maana kasi yake si ya kawaida. Yeye anaelewa kila neno. Au niseme, alikuwa anaelewa.

Muhula huu walipewa jaribio la mtandaoni la dakika 30. Alipata 7 kati ya 20. Tulikuwa tumekaa vimbweteni aliponiambia, "Dada, sikushindwa maswali. Nilishindwa kuyasikia. Ile spika inanyesha."

Inanyesha. Sikuwahi kusikia mtu akieleza vizuri hivyo. Kelele ile ya "shhhh" kweli ni kama mvua juu ya bati, na kinachoudhi ni kwamba haizibi sauti zote sawasawa. Irabu zina nguvu, zinapenya. Konsonanti kama s, f na sh zenyewe ni mkwaruzo wa hewa, na nguvu yake iko juu, kwenye masafa yale yale ambako sikio linaisikia mvua ile. Kwa hiyo "anafika" na "anashika" zinakuwa kitu kimoja. Wewe unayeona ukikosa herufi unarudi mstari juu kwa jicho, nusu sekunde. Yeye anarudisha sentensi nzima isomwe upya, huku saa ya jaribio inakimbia. Alirudisha swali la nne mara tano.

Wapo mtakaosema si avae tu hedifoni. Zilikuwepo, nne. Ziliondoka na wenye masikio mazuri zaidi. Kisha akaazima ya mwenzake, akaichomeka kwenye kompyuta ile ile, na mvua ikaendelea kunyesha. Aliponisimulia hilo ndipo kitu kilinigonga kichwani. Kama hedifoni nzima nayo inalia "shhhh", basi spika tumeisingizia.

Wakati huo bunge letu la wanafunzi lilikuwa linapitia nyongeza ya bajeti, na mojawapo ya vifungu ilikuwa spika mpya jozi 10 kwa shilingi 600,000. Nilimfuata waziri anayehusika, nikamuuliza kama kuna mtu aliyezipima zile za zamani. Alinijibu kwa upole, na sidhani kama alikuwa na nia mbaya: "Dada yangu, zimeripotiwa mbovu. Fomu ipo." Nikaomba niione fomu. Ina safu tatu: kifaa, hali, pendekezo. Chini ya hali, mara tisa, MBOVU. Chini ya pendekezo, mara tisa, KUNUNUA MPYA. Hakuna mahali pa kuandika inalia vipi, inalia lini, ilichomekwa wapi. Mtu akienda zahanati akasema tu "naumwa" hapewi dawa. Lakini spika tunazipeleka moja kwa moja mochwari.

Nilibeba jozi moja mpaka kwa fundi redio mmoja mzee, nje kidogo ya geti letu. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea na kazi yake. Nikamwambia, "Mzee, hii ni mbovu." Hakuishika. Aliniangalia juu ya miwani akauliza, "Binti, umeisikiliza mwenyewe au umeambiwa? Mbovu inalia vipi?"

Sikuwa na jibu. Akaiwasha bila kuichomeka kwenye kitu chochote. Kimya. Akazungusha voliumu mpaka mwisho. Ukasikika mnong'ono mdogo, ukiweka sikio karibu. Akachomeka simu yake, akafungulia taarabu. Ikaimba safi kabisa. "Chukua spika yako," akasema. "Kalete kompyuta."

Jioni ile kilichotokea kilikuwa rahisi kiasi cha kuaibisha. Na rafiki yangu alikuwepo muda wote, maana masikio yake yanashinda ya kwangu na ya fundi kwa pamoja.

Kwanza tulichomoa waya wa sauti kutoka kwenye kompyuta, spika ikiwa imewaka. Kelele ikiisha, inatoka kwenye kompyuta au njiani. Kelele ikibaki hata voliumu ikiwa sifuri, hapo ndipo spika yenyewe inaanza kushukiwa. Jaribio hili halihitaji bisibisi wala cheti. Kwenye jozi 2 kelele ilikatika palepale tulipochomoa. Zote mbili zilikuwa zimechomekwa kwenye tundu la mbele la kompyuta, lile linalopendwa kwa sababu halikulazimishi kuinama. Waya unaotoka tundu lile kwenda kwenye bodi hupita ndani ya kasha, jirani na feni na diski, na njiani unaokota uchafu wote wa umeme. Tuliinama, tukachomeka tundu la kijani la nyuma. Mvua ikakatika. Rafiki yangu akacheka peke yake.

Jozi ya tatu haikuwa na tatizo lolote ila mpangilio. Sauti ya kompyuta ilikuwa asilimia 15, na voliumu ya spika imezungushwa mpaka mwisho kufidia. Mmeshaona kwenye mahafali, mgeni rasmi ananong'ona mbali na maiki, fundi mitambo anapandisha, anapandisha, mpaka ukumbi mzima unasikia feni na kikohozi cha mtu wa safu ya mbele? Ndiyo hiyo. Amplifaya haijui lipi ni neno na lipi ni kelele, inakuza vyote. Weka kompyuta kwenye asilimia 80 au zaidi kidogo, halafu shusha spika. Na tusidanganyane kwamba kelele itafika sifuri. Mwaka 1926 John B. Johnson, akiwa Bell Labs kule Marekani, alipima kelele inayotoka kwenye kipingamkondo kilichokaa tu, kwa sababu ya joto lake, na mwenzake Harry Nyquist akaieleza kwa hesabu. Kazi zao zikachapishwa 1928. Kila saketi yenye joto inanong'ona. Swali la maana ni kama mnong'ono huo unausikia ukiwa umekaa kwenye kiti chako.

(Ndiyo, nilifundishwa kelele ya Johnson darasani. Nilipata B+. Haikunipitia akilini hata siku moja kwamba ndiyo inayolia ndani ya boksi lile la mlangoni.)

Mbili zilizofuata nataka nikae nazo kidogo, maana ndizo zilizonifanya niandike. Hizi hazikuwa na "shhhh". Zilikuwa na mvumo mzito, "mmmm", kama friji ya duka la jirani. Mvumo wa namna hiyo mara nyingi ni umeme wa ukutani wenyewe, mizunguko 50 kwa sekunde hapa kwetu, pamoja na sauti zinazozidishwa kutoka hapo, 100 na kuendelea. Fundi aliuliza kompyuta zimechomekwa wapi. Kwenye ekstensheni, nikamwambia, namba 4 na namba 6. Rafiki yangu akadakia, "Hizo ndizo zinazonitekenya." Tukamwuliza zinamtekenya vipi. "Nikigusa kasha lake nasikia kama sisimizi wanatembea kwenye vidole. Nilidhani ndivyo kompyuta zilivyo."

Fundi akaacha kutabasamu. Akaifungua ekstensheni ile. Matundu yake yalikuwa matatu matatu, kama yetu yote yalivyo, lakini waya uliokuwa ndani ulikuwa na nyuzi mbili tu. Tundu la ethi lilikuwa pambo.

Kisayansi iko hivi. Ndani ya kisambaza umeme cha kompyuta kuna kapasita ndogo zinazomwaga kelele za umeme kwenye kasha la chuma, zikitegemea kwamba kasha limeunganishwa na ardhi. Ethi isipokuwepo, kasha linabaki linaning'inia kwenye kama nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo sana, ndiyo maana unatekenywa badala ya kurushwa. Ila siku kitu kingine kikiharibika humo ndani na waya wa moto ukagusa kasha, hakuna ethi ya kuubeba umeme ule, na njia inayobaki ni mtu. Mvumo kwenye spika ulikuwa ni kasha lile likilalamika kupitia waya wa sauti. Na mtu anayeisoma dunia kwa vidole ndiye tuliyemkalisha hapo, kila siku, muhula mzima, halafu tukaandika kwenye fomu kwamba spika ni mbovu.

Hapa ninawaomba wanangu wa hosteli mnisikilize. Najua mtaani kuna ushauri kwamba spika ikivuma uvunje pini ya ethi ya plagi, mvumo utaisha. Wakati mwingine kweli unaisha, na umebaki bila kinga. Usifanye. Najua pia ile tabia yetu ya kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Sote tumefanya, mimi nikiwemo. Kama laptopu yako inavuma kwenye sabufa, chomoa chaji kwanza, itumie kwa betri. Ukimya ukija, chaji au soketi yako ndiyo ya kuulizwa. Pale chumbani kwangu niligundua chaji yangu ya bei chee ndiyo ilikuwa inanivumia tangu mwaka wa pili. Nilikuwa nimeshaanza kuipangia sabufa mpya kwenye boom.

Zilizobaki nitazipitia haraka. Jozi 2 zilikuwa na waya uliokatika karibu na jeki, pale panapokunjwa kila siku. Ukiutikisa sauti inakuja na kuondoka upande mmoja. Fundi alikata, akalehemu jeki mpya. Moja ilikuwa inakwaruza kila ukizungusha voliumu: vumbi ndani. Aliichomoa kwenye umeme, akadondoshea spiriti kidogo, akazungusha mara kama ishirini, akaiacha ikauke vizuri. Na moja ilikuwa imekufa kweli. Karatasi yake ya mbele imechanika mpaka katikati na ndani kapasita 2 zimevimba vichwa. Kapasita zingebadilishwa, ila kwa spika ya bei ile fundi alishauri tuiache, tutoe nyaya na plagi vitumike kwingine. Nilikubaliana naye. Sisemi kila kitu kitengenezwe milele.

Kulikuwa na lalamiko moja pia kwamba spika ya meza ya kwanza "inajua simu kabla haijaita". Di-di-di, di-di-di. Ni kiswaswadu cha mlinzi wa chumba, alikuwa anakilaza juu ya spika. Simu ya 2G inatuma kwa vipindi, mara 217 hivi kwa sekunde, na waya za spika zinaidaka. Tulikisogeza mita moja. Mzee alifurahi, alidhani ni majini.

Jumla ya gharama, jeki, spiriti na mkono wa fundi, ilikuwa shilingi 14,000. Jozi 8 kati ya 9 zinaongea. Tano kati ya hizo hazikuwahi kuumwa.

Niliporudi kwa mheshimiwa waziri na hesabu hii alinisikiliza, halafu akasema kitu ambacho nakiheshimu kwa ukweli wake: "Dada, spika mpya zinapigwa picha. Jeki mpya haipigwi." Anajua uchaguzi uko karibu. Lakini mheshimiwa, hebu fikiria jozi zako 10 mpya zinafika, picha zinapigwa, kisha zinachomekwa wapi? Tundu lile lile la mbele. Ekstensheni ile ile. Ndani ya siku moja zingenyesha na kuvuma kama hizi, na baada ya mwezi zingekuwa kwenye boksi jipya lenye karatasi mpya. Rafiki yangu angefeli jaribio la pili mbele ya vifaa vinavyong'aa, na safari hii hakuna ambaye angemwamini, maana spika ni mpya.

Ninachopendekeza kwa bunge si kikubwa. Fomu iongezwe maswali: inalia vipi, ukichomoa waya inaendelea, ukihamisha tundu inabadilika. Anayeleta kifaa ajibu kabla neno mbovu halijaandikwa. Na kipande cha zile laki sita kinunue multimita moja, ekstensheni zenye nyuzi tatu za kweli, na kimlipe fundi kama yule mzee aje saa mbili kila wiki. Nimesema kimlipe. Nimeshasikia wazo la kuwatumia wanafunzi wa uhandisi bure "wapate uzoefu". Mmoja wao nilimwomba anisaidie siku ile, akanijibu kwamba wao si mafundi redio. Nilikasirika, halafu nikakumbuka kwamba hata mimi nililipita boksi wiki nzima. Tunaweza kukokotoa kelele kwenye karatasi mpaka desimali ya tatu, lakini mzee aliyejifunzia kazi barazani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza inalia vipi. Basi alipwe kwa kuuliza.

Nakubali kuna hoja upande wa pili. Mwanafunzi mwenye ulemavu hastahili makombo ya vifaa vilivyoshonwashonwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 haikuandikwa ili tumpe mtu jeki ya kulehemu na kumwambia ashukuru. Nilimwuliza mwenyewe. Akasema, "Mimi sitaki mpya wala ya zamani. Nataka nisikie." Kama bunge lina laki sita za kumpa, aliomba hedifoni nzuri zenye kufungwa mezani, na mtu wa kumsomea ubao wakati mhadhiri anasema "kama mnavyoona hapa". Hilo la pili halimo kwenye kifungu chochote nilichokiona.

Bunge limeahirisha kura mpaka wiki ijayo. Barua yake ya kuomba kurudia jaribio iko mezani kwa mhadhiri, siku ya 11 sasa, na nakala naambatisha kwenye hoja nitakayoiwasilisha kupitia mbunge wetu. Fundi umeme wa chuo ameahidi kuja Jumanne kuangalia soketi za chumba kizima.

Mpaka hapo kompyuta namba 4 na namba 6 zisitumike. Nilizibandikia karatasi kubwa, kalamu nyekundu: USIWASHE, HAINA ETHI. Nikajisikia mtu wa maana. Rafiki yangu akapapasa ile karatasi kwa kiganja, akaniuliza, "Dada, hapa umeandika nini?"

Nikazichomoa zote mbili, nikaondoka na nyaya zake za umeme. Ziko chumbani kwangu, chini ya kitanda.